Kiti cha Kuvunja

Watu hupenda mtu mwangalifu awe na kidonda. Wakimwona anarudia kazi ambayo kila mtu ameshaisifu, husema hapana, huyu lazima kuna jambo lilimpata. Bi Nyundo alishasikia visa vyake mwenyewe vikisimuliwa pale karakana, tena na watu waliokula naye meza moja. Kuna waliosema kiti alichokipitisha zamani kilimvunjikia mzee mmoja mteremkoni. Kuna waliotia chumvi wakasema mzee huyo alikuwa baba yake mzazi. Baba yake alifariki usingizini, kitandani kwake, na miguu yake miwili mizima, wala hakuwahi kukalia kiti cha magurudumu hata kwa utani. Hakukuwa na kisa. Mwanamke alikuwa mkaguzi, na alikuwa akikagua.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani lenye paa la bati na milango miwili mipana, na humo walitengeneza viti vya magurudumu. Mabomba ya chuma yaliletwa na wafadhili kwa mafungu, na fungu moja lilitosha viti kumi na viwili, basi. Fundi mmoja, aliyeitwa Cheche kwa sababu mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya moto kifuani, alichomelea fremu. Wenzake wawili walifunga magurudumu, breki na vitambaa. Viti vilipokamilika vilipangwa mstari mmoja ukutani, na hapo ndipo Bi Nyundo alipoingia na tochi, msumari na nyundo ya kilo tano. Alimulika kila kiungo. Alichokonoa kila mshono. Kisha alikichukua kiti kimoja akakivunja.

Ndiyo, alikivunja. Kiti kizima, kimeshapakwa rangi, magurudumu yanazunguka kwa raha zake. Alikivua magurudumu na kitambaa, akaibana fremu kwenye jiliwa, akaipiga mpaka chuma kikasalimu amri, halafu akainama na tochi kuangalia ndani ya mpasuko. Sababu aliieleza kwa yeyote aliyeuliza, na walioacha kuuliza aliwaeleza vilevile. Mshono wa kuchomelea unaweza kung'aa, ukanyooka, ukapendeza kuliko kazi ya fundi cherehani, na kumbe umelala juujuu tu, chuma cha chini hakijashikana. Kiti cha hivyo kitamchukua mwenyewe sokoni na kumrudisha, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, halafu siku moja kwenye mashimo ya barabara kitaachia. Kwa nje huoni kitu. Unatakiwa ukivunje.

Mameneja wanne, mmoja baada ya mwingine, walimwuliza kwa nini asichomelewe kipande kidogo cha majaribio akavunja hicho. Jibu lake halikubadilika hata neno.

"Kipande cha majaribio kinachomelewa na mtu anayejua kinajaribiwa. Mimi nataka kuiona kazi aliyoifanya wakati hana habari na mimi."

Ndiyo maana alichagua kwa bahati nasibu, vikaratasi kumi na viwili ndani ya kopo la rangi, siku ileile ya ukaguzi. Cheche mwanzoni alinuna mwaka mzima. Siku hizi alisimama pembeni na kutazama, mikono nyuma, na fremu yake ikishinda nyundo alikwenda nyumbani anapiga mluzi.

Katika miaka kumi na saba, Bi Nyundo alikuta mshono mbovu mara tatu.

"Mara tatu tu?" Meneja mpya alimwambia juzi, akijiegemeza mlangoni. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. "Mama, mara tatu kwa miaka kumi na saba? Na viti vizima vingapi umevigeuza chuma chakavu?"

"Mara tatu, Meneja. Kila mara fungu zima. Hao ni watu thelathini na watatu waliokuwa karibu kukalishwa juu ya kitu kibovu."

"Lakini mara hii hakuna sababu ya kushuku. Vijiti vya kuchomelea ni vilevile, umeme haukukatika, fundi ni yuleyule."

"Hakuna sababu yoyote," Bi Nyundo alikubali. "Mimi sivunji kwa kushuku. Nikingoja mpaka nishuku, nitakuwa namkagua Cheche, si kiti."

Meneja alitikisa kichwa, kisha akamwaga yaliyokuwa moyoni. Safari hii wageni wa wafadhili wangekuja kukabidhi wenyewe. Zamani karakana iliita watu kumi na mmoja kwa kila fungu, kwa kuwa kiti kimoja kilijulikana ni cha nyundo. Yeye ameita kumi na wawili. Amefuata daftari la maombi, mstari kwa mstari, bila kuruka mtu, na mstari wa kumi na mbili una jina la fundi simu wa kule sokoni.

Fundi simu wa kule sokoni alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

"Kwa hiyo unaona," Meneja akasema taratibu, "ukivunja, anayekosa si mtu usiyemjua. Mimi sitampanga upya mtu mwingine. Wa mwisho ndiye atakayerudi mikono mitupu. Kesho, mama, tusivunje. Wakae watu wanne juu ya kila kiti, tukiona kimeshika, tumemaliza."

"Watu wanne watakaa dakika moja. Yeye atakaa miaka."

"Fikiria lakini."

Alifikiria. Msidhani ni mwanamke wa chuma, maana chuma alikijua vizuri mno kutaka kufanana nacho. Alasiri hiyo alipita sokoni. Mdogo wake alikuwa kibandani kwake, nyuma ya meza iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo, bisibisi ndogo masikioni kama hereni. Miguu ilimwacha miaka minane iliyopita, baada ya ugonjwa wa uti wa mgongo, lakini ulimi ulibaki na mazoezi yake yote. Kila asubuhi mumewe alimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi kibandani, na jioni akamrudisha. Wiki hiyo shemeji alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Mgongo umegoma, alisema. Daktari amemwambia akiendelea kubeba, watahitajika viti viwili nyumba moja.

"Dada, kesho nitakuja na gauni la bluu," mdogo wake alimwambia. "Nimeshamwambia huyu mume wangu, kesho ndiyo siku ya mwisho ananibeba. Akinitaka tena mgongoni, atanibembeleza."

Shemeji akacheka, akashika kiuno. Bi Nyundo alipewa maji ya kunywa. Alikaa nusu saa nzima pale, akayanywa, akasifia gauni ambalo hajaliona, akaaga. Neno lililompeleka halikutoka. Njiani moyo ulimuuma, akajiita mwoga, tena kwa sauti, mpaka mpita njia mmoja akageuka kumtazama.

Asubuhi aliingia karakana saa moja kamili. Viti kumi na viwili vilikuwa ukutani, vimefungwa utepe mwekundu kila kimoja. Utepe huo ulimchefua kidogo, maana ulifunika kiungo cha mbele kabisa, kile anachokiangalia kwanza. Akaufungua mmoja baada ya mwingine, akaukunja vizuri, akaweka pembeni, akaanza. Tochi, msumari. Tochi, msumari. Alipomaliza cha kumi na mbili ilikuwa saa mbili na robo, na hakuwa ameona dosari hata ya kukwaruza kidole.

Cheche alisimama nyuma yake. Alikuwa amechana nywele, kwa ajili ya wageni.

"Bi Nyundo, viko safi?"

"Kwa nje viko safi sana. Mikono yako haina matata."

"Basi leo..." Akameza mate. "Mimi nilichomelea hivi huku nikijua mdogo wako yumo. Meneja aliniambia siku ya kwanza. Unadhani ningelala kazini, mimi? Kila mshono nilirudia kuutazama mara mbili. Nakuapia kwa mama yangu."

"Nakuamini."

"Kama unaniamini, mbona unalifuata kopo?"

Kwa kweli alikuwa ameshalishika kopo. Akaliweka juu ya meza, akamtazama. Huyu mtu alikuwa rafiki yake. Walichangiana misibani, walichekana, walikopeshana miavuli.

"Cheche, sikiliza. Nikiacha kuvunja leo kwa sababu ndani yumo mdogo wangu, basi hawa wote niliowavunjia miaka kumi na saba nilikuwa nawafanyia ubabe. Kwamba cha mtu baki kinavunjwa, cha ndugu yangu kinaaminiwa. Nitatembeaje mjini na sura hiyo? Kuna mwanamume mmoja yuko kwenye daftari, hana ndugu karakana hapa, hamjui yeyote. Nani atamvunjia?"

"Hatujui kama chake ni kibovu!"

"Hatujui kama ni kizima. Hapo ndipo tulipo, mimi na wewe."

Akatia mkono kwenye kopo, akachambua, akatoa kikaratasi. Namba saba. Akakisukuma kiti namba saba hadi kwenye jiliwa, na magurudumu yake yaliteleza bila kelele, kiti kizuri, mtu angekipenda. Akafungua kitambaa na mto, akatoa magurudumu, akayapanga chini kwa mpangilio, kila nati ndani ya kikombe chake. Hata anayevunja anaweza kuvunja kwa adabu. Akabana fremu, akakaza mpini wa jiliwa kwa uzito wake wote, akachomeka bomba refu kwenye mguu wa mbele ili apate nguvu ya kukunja.

Meneja aliingia mbio. Nadhani mmoja wa wale mafundi wawili alikwenda kumwita, na simlaumu.

"Mama! Tulikubaliana!"

"Ulisema nifikirie. Nimefikiria."

"Wageni watafika saa nne! Watu wameshaanza kuja, wako nje hapo uani. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Ni mfupi."

"Nakuagiza uache." Hakuwa amezoea kuagiza watu wa umri wa mama yake. "Nakuagiza kama mkuu wako wa kazi."

Bi Nyundo aliiweka nyundo chini. Akachukua karatasi ya ukaguzi iliyokuwa mezani, ile yenye mistari kumi na miwili na nafasi ya sahihi chini, akamnyooshea pamoja na kalamu.

"Weka sahihi yako. Andika hapa: nimeona ndani ya viti hivi, viko salama. Andika, mimi nitafungua jiliwa sasa hivi, nitafunga na utepe wako mwenyewe."

Meneja akaitazama karatasi. Mafundi wawili wakaitazama. Hata Cheche, aliyekuwa tayari kuapa kwa mama yake, alitazama ile nafasi ya sahihi na hakusogea.

"Mimi sijaona ndani," Meneja akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Basi tuko wawili."

Akaishika nyundo. Pigo la kwanza lilitikisa madirisha. La pili bomba lilianza kukunjika. Alipumua, akapiga moyo konde, akapiga la tatu, la nne, la tano, na jasho likamshuka usoni. Wanawake wa umri wake walikuwa majumbani wanabembeleza wajukuu, na yeye yuko hapa anapigana na kiti. Kwenye pigo la tisa chuma kilitoa mlio mkali, kikachanika.

Aliwasha tochi, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida.

Bomba lilikuwa limechanika pembeni mwa kiungo. Kiungo chenyewe kilibaki kimeshika, mshono umezama mpaka ndani, chuma na chuma vimekuwa kitu kimoja. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizopata kuziona katika maisha yake. Bomba lilikubali kufa, mshono ukakataa.

"Kizima?" Cheche aliuliza.

"Kizima."

Cheche alikaa chini sakafuni, na nywele zake zilizochanwa, akafunika uso. "Kilikuwa kizima," alisema ndani ya viganja. "Ningekwambia. Nilikwambia! Kilikuwa kizima, umekivunja bure."

"Si bure. Sasa najua," Bi Nyundo alisema. "Dakika tano zilizopita nilikuwa nakisia."

Akasaini karatasi, mistari kumi na mmoja. Mstari wa saba akaandika neno moja, kimevunjwa. Akafunga utepe kwenye viti kumi na kimoja, akaosha mikono kwa sabuni, akatoka uani.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi ya ukutani, gauni la bluu, rangi nyekundu mdomoni, mumewe kasimama kando amejishika kiuno. Watu wengine wa daftari walikuwa hapo pia na ndugu zao. Wote walikuwa wamesikia yale mapigo, lakini aliyejua maana yake ni mmoja.

"Tisa," mdogo wake alisema kabla hajafika. "Nimehesabu. Ni changu?"

"Namba saba. Lakini wewe ni wa mwisho kwenye daftari. Kimepungua kimoja, kwa hiyo ni chako."

Shemeji alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Mdogo wake akamkazia macho dada yake.

"Kilikuwa kibovu?"

Hapo angeweza kudanganya. Neno moja tu, ndiyo, na mdogo wake angemkumbatia, na shemeji angemshukuru, na habari ingeishia pale.

"Hapana. Kilikuwa kizima kabisa. Sijawahi kuona kizima kama kile."

Mdogo wake alianza kumsema, na akiianza kazi hiyo huwa haifanyi nusunusu. Alimwita jina la utotoni ambalo halifai kuandikwa. Alimwambia karatasi zake amezipenda kuliko damu yake. Alimwambia mama yao angekuwepo angemchapa viboko hapohapo mbele ya watu. Alimwonyesha mumewe, mtazame, mtazame huyu mwanamume alivyokunjika, halafu rudi ndani ukaipigie makofi nyundo yako. Bi Nyundo alisimama akapokea yote. Hakujitetea, wala hakuinamisha kichwa.

"Na jana," mdogo wake akamalizia, machozi sasa yakiharibu wanja, "jana ulikaa kwangu nusu saa, unakunywa maji yangu, unasifia gauni langu. Ulijua."

"Nilijua kwamba ningeweza kukivunja. Sikukwambia. Hilo ni kosa, nilifanya woga, naomba unisamehe." Akavuta pumzi. "Kiti si kosa. Kwa kiti siombi msamaha. Fungu lijalo nitavunja kimoja, na kama wewe ni wa mwisho tena, nitakukosesha tena."

"Humuogopi Mungu, dada."

"Namuogopa. Ndiyo maana."

Mdogo wake alifuta macho kwa kiganja, akapaka wanja mpaka shavuni. Alitazama benchi. Karibu naye kulikuwa na mwanamume mmoja mwembamba, peke yake, fimbo mbili mapajani. Alikuwa amesikia yote na sasa alijifanya kutazama miguu yake.

"Wewe baba," mdogo wake akamwita, "ni wa ngapi?"

"Wa kumi na moja, mama," mwanamume akajibu kwa aibu. "Kama ni kubadilishana, mimi..."

"Nyamaza, nani kakwambia ubadilishane? Kalia kiti chako. Kimeuliwa ndugu yake ili wewe usianguke, usije ukakichezea." Akamgeukia dada yake. Ile sura ya kulia ilikuwa imeondoka, na badala yake ilikuja ile anayowawekea watu wanaorudisha simu waliyoitia maji wenyewe. "Sasa nieleze. Kila fungu unavunja kimoja. Miaka kumi na saba. Wafadhili wanajua unavunja. Kwa nini hawaleti mabomba ya kiti cha kumi na tatu?"

"Nimeomba."

"Kwa mdomo?"

"Kwa barua. Kila fungu linapokwisha naandika barua moja, naomba mabomba ya kiti kimoja cha ziada, cha kuvunja, ili asikose mtu. Nakala ninazo zote."

"Bila shaka unazo." Hilo lilimtoka kwa chuki na kwa fahari pamoja. "Wanajibu nini?"

"Hawajibu. Wameshaona viti kumi na kimoja vinatosha kupigia picha."

Mdogo wake alifikiri. Alitengeneza gauni magotini, akajifuta shavu vizuri kwa upindo wa kanga, akanyoosha mikono miwili juu.

"Nibebe."

"Nikupeleke nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini? Nipeleke ofisini kwa Meneja. Shemeji yako mgongo umekufa, na wewe mikono unayo, tumeisikia. Nibebe."

Bi Nyundo akageuka, akachutama, akampokea mgongoni. Alikuwa hajambeba tangu utotoni na alikuwa mzito, mzito kweli, na aliwaza huyu shemeji, kila siku ya Mungu, miaka minane. Wakavuka ua mbele ya watu wote. Lango lilikuwa linafunguliwa, gari la wageni linaingia, na Meneja alikuwa ndani ya ofisi akijifunga tai haraka mbele ya kioo kidogo.

Hawakubisha hodi.

"Pale," mdogo wake alielekeza juu ya bega la dada yake. "Hapana, si benchi. Pale nyuma ya meza."

Kiti cha Meneja kilikuwa cha ngozi nyeusi, chenye mgongo mrefu na magurudumu matano madogo chini. Bi Nyundo alimshusha taratibu. Mdogo wake alishika ukingo wa meza, akajisukuma, akaenda nyuma, akajivuta, akarudi mbele. Akajizungusha mzunguko mzima.

"Kinakwenda vizuri," alisema. "Hiki nimekichukua. Nitakitumia hapahapa mpaka changu kije. Simu zangu nitaagiza waniletee, hii meza ni kubwa kuliko yangu."

"Mama, tafadhali." Meneja alikuwa ameshikilia tai isiyofungika. "Wageni wako mlangoni. Hicho ni kiti changu."

"Ni chako, nani kabisha? Na sasa hivi huna pa kukaa. Unajisikiaje?"

Nje milango ya gari ilifungwa, mmoja, wa pili, na sauti za watu zikaanza kusogea. Meneja alimtazama Bi Nyundo kama mtu anayeomba msaada. Bi Nyundo alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, anahema bado kwa mzigo, na uso wake haukumpa chochote.

"Unataka nifanye nini?" Meneja akauliza.

"Andika barua ya mabomba," mdogo wa Bi Nyundo akajibu. "Andika sasa, mbele yangu, uwape mkononi wakiingia, na mimi nitawaeleza ya kazi gani kama hawaelewi."

"Sawa. Sawa, mama. Nitaomba mabomba ya kiti kimoja, chako, kabla ya fungu lijalo. Nakuahidi."

"Nani kasema kimoja?" Mdogo wake alijivuta mpaka kifua kikagusa meza. "Andika viwili. Kimoja cha kukalia, kimoja cha kuvunja. Na hicho cha kuvunja kiwe cha kila fungu. Uandike hivyohivyo, cha kuvunja, wasije wakasema hawakuelewa."

Bi Nyundo alitazama dirishani. Hakutaka uso wake uonekane na mtu yeyote, hasa yule aliyekaa.

Wageni walikuwa wameshafika kizingitini, wanatabasamu, wanangoja kukaribishwa. Meneja alipapasa mifuko ya shati, kisha ya suruali. Kalamu ilikuwa mezani, upande wa yule aliyekaa, na ilimbidi aiombe.